Kengele Imepanda Mlimani

Kitongoji cha Harsabi,
S.L.P. 71,
Karatu.

4 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Vedasto,

Tumsifu Yesu Kristu. Pokea salamu za dada yako Leonida, zinatoka kwenye mkono ulioshika sindano wiki nzima na leo Jumapili umebadilishiwa kazi ukapewa kalamu. Habari za Tunduru? Wifi yangu Jackline hajambo? Mgongo wake umepoa au bado analala sakafuni? Na wanafunzi wako wa kidato cha nne, wamekubali hesabu au hesabu imewakataa? Wabusu watoto, hasa yule mdogo ambaye tunamjua kwa picha tu.

Ukiuliza hali yetu, sisi wazima. Mama hajambo, tena anakula kuliko mimi. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Binti yangu Eva amemaliza kozi ya upishi na sasa anapika kwenye lodji moja huku kwetu, ananiletea majina ya vyakula ambayo siwezi kuyatamka. Mahindi yamesimama vizuri, maharage yameumia kidogo kwa maji, mbaazi hazina neno.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi, kutoka kwa mtu mwenye simu. Lakini simu na wewe hampatani. Mara ya mwisho tulipozungumza habari za Mama ulinikatia katikati ya sentensi, nikabaki naongea na sikio langu mwenyewe dukani mbele ya wateja. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, ila utaisoma kwanza, maana umbea ulianza nao mapema kuliko kutembea.

Nikuambie mapema kwamba ndani humu kuna jambo litakalokuudhi. Sisemi liko ukurasa gani. Soma kwa mpangilio, mwalimu.

Kwanza nikukumbushe mahali tulipo, kwa sababu mtu aliyeondoka miaka sita, tangu tumzike Baba, anabaki na picha ya zamani kichwani. Lile korongo tulilokuwa tunaliruka kwa mbio tukichelewa shule sasa halirukiki. Ukisimama ukingoni na kutupa jiwe, unasubiri kidogo kabla ya kulisikia. Migrivea yote ya Baba ya upande ule imeingia ndani, mmoja mmoja, mizizi juu. Siku ya maziko yake nilipima kutoka mlango wa jiko la Mama hadi ukingoni, nikapata hatua arobaini. Mwaka jana mwezi wa tatu zilikuwa kumi na mbili. Na mimi hatua zangu ni fupi.

Sasa Mama na lile jiwe lake la kusagia. Unakumbuka mvua ya elnino, mwaka tisini na nane? Maji yalipanda hadi kwenye jiwe, yakalilamba, yakarudi. Tangu siku hiyo Mama alikuwa na imani mbili, ya kanisa na ya jiwe. Ukimwambia habari ya mvua kubwa inayotabiriwa redioni anakuuliza, hiyo mvua imelizidi jiwe? Haijalizidi. Basi kaa unywe chai. Kwamba enzi hizo korongo lilikuwa mfereji na leo ni shimo la kumeza lori, hilo halikuingia kwenye hesabu zake.

Lakini nisimseme Mama peke yake, maana wote tulikuwa na vituko vyetu. Zile habari za Katesh zilipotufikia, mlima ulipoteremka na watu, kila mtu hapa alitazama mlima wake. Mzee Zablon, jirani yetu wa chini, ambaye siku zote alikuwa anawacheka wenye hofu, alifunga nguo zake kwenye shuka akaziweka mlangoni, na hati ya shamba juu yake. Likaja jua la wiki tatu. Akafungua shuka, akavaa nguo, akarudi kucheka. Mimi nilikuwa kinyume chake. Tone la kwanza likigonga bati naacha gauni la mtu nusu mkono, natoka nje kutazama msitu wa Ngorongoro kule juu kama umejifunika mawingu. Nilishona suruali moja miguu miwili ya kushoto kwa sababu ya hofu hiyo. Mwenye suruali bado ananidai maelezo.

Tukaona hatuwezi kuishi hivyo. Tukaunda kamati pale kigangoni: katekista Thomasi, Cresensia wa kwaya, na mimi, kwa kuwa ndimi ninayefagia kanisa na kupiga kengele. Tukampata na Parsimei, kijana wa Endulen ambaye ni mlinzi kwenye lodji ya kule juu ukingoni mwa msitu. Yeye anakiona kijito kinachoshukia korongoni kwetu kabla yetu. Makubaliano yakawa mepesi: Parsimei akiona maji yamebadilika rangi na kujaa, ananipigia simu. Mimi napiga kengele. Tulijipigia makofi, tukafunga kwa sala.

Hakuna hata mmoja wetu, Vedasto, watu wazima wenye akili timamu, aliyeuliza swali moja dogo. Watu wakisikia kengele huwa wanakwenda wapi?

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne mwaka jana, saa tisa alasiri. Huku chini mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Parsimei akapiga: “Dada, kijito kimekuwa kama uji wa ulezi, na kinabeba miti.” Nikakimbia kanisani, nikaishika nyundo, nikaipiga ile rimu ya lori aliyoileta Baba kutoka gereji iwe kengele, nikaipiga kwa nguvu zangu zote. Na watu wakaja.

Walikuja, mdogo wangu. Walishuka kutoka kila upande, kuja kanisani, na kanisa letu unajua liliko, pale pale ukingoni mwa korongo. Wengine walikuwa wamebadilisha nguo. Cresensia alileta vitabu vya nyimbo. Wazee walifika na kofia mkononi wakiuliza, nani ametutoka? Nikawa napiga kelele, rudini juu, rudini juu, na wao wanasema, sasa mbona umetuita? Na katikati yao nikamwona Mama, ambaye mwenyekiti wa kitongoji alishindwa kumtoa nyumbani kwake kwa barua yenye mhuri. Ameshuka na goti lake, kajitanda kitenge, rozari mkononi.

Maji yakaja na mlio wa lori linalomwaga kokoto. Yakachukua choo cha kanisa, yakachukua stoo ya kwaya na ngoma zake, yakachukua daraja la miti. Yalipita hatua nne kutoka pale kwaya iliposimama. Katekista alianza Salamu Maria na hakuifikisha mwisho. Hakuumia mtu hata kidole. Mimi ndiye niliyewakusanya pale, na bado hakuumia mtu.

Sikukuambia haya kwenye simu. Nilikuambia tu kwamba daraja limekwenda. Niliona aibu.

Watu hawakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walicheka. Wakaniita Mama Kengele. Zablon akawa anawasimulia wageni jinsi alivyokwenda kuliwa na maji akiwa amechana nywele. Mimi nilicheka nao mchana, lakini sikuweza tena kuishika ile nyundo. Jumapili nikifika pale mkono unakuwa mzito, jasho linanitoka, namwachia Eva. Nilidhani ninaumwa moyo, nikaenda kupimwa, nikaambiwa moyo wangu ni wa msichana. Nilimwambia Cresensia peke yake. Naye akaniambia kwamba tangu siku ile akisimama kuimba anasikia ule mlio nyuma yake, na sauti ya pili inampotea. Basi akawa anakuja dukani jioni kunisaidia kukunja pindo. Hatukuongea mengi. Ila kulijua jambo hilo wawili kulinisaidia kuliko dawa.

Na Mama? Mama alirudi nyumbani, akatazama jiwe. Lilikuwa limelowa. “Umeona? Yamesimama pale pale.” Akawasha moto.

Ndipo ukanipigia ukasema tumbebe kwa nguvu. Nikuulize, Vedasto, nani ambebe? Tulikwenda na mwenyekiti, akatupikia. Tulikwenda na padre, akampikia padre na kumpa kuku. Nililia mbele yake, kilio cha kweli, akanifuta machozi kwa upindo wa khanga na kunitengea maziwa mgando. Kila aliyekwenda kumhamisha alirudi ameshiba. Uliponiambia mimi ni dhaifu na kukata simu nilikasirika wiki nzima, na nilichokasirikia zaidi ni kwamba sikuwa na jibu.

Jibu nilipewa na Parsimei, na hakujua kwamba ananipa. Alikuja kushonewa sare yake iliyochanika begani. Nikamlalamikia habari za Mama huku nikitia uzi. Akaniambia kwamba ule ukame mkubwa wa mwaka ishirini na mbili, baba yake kule Endulen alikaa akisubiri wingu moja. Aliliona kila jioni upande wa mlima Makarot. Alisema kesho. Ng'ombe wakaisha wakati anasema kesho. Boma la jirani lilikuwa na mzee mkaidi vilevile, lakini wanawe waliondoa mifugo mapema bila kumwuliza, na siku ya pili mzee akachukua fimbo akawafuata. “Kwetu dada hatuhamishi mzee. Tunahamisha ng'ombe. Mzee atabaki kuongea na nani?”

Nilijichoma sindano.

Sasa Vedasto, vuta kiti. Kama umesimama, kaa. Wifi Jackline, kama uko karibu, msogezee maji.

Mwezi wa saba mwaka jana nilimchukua Kidoti, ng'ombe wa Mama, nikampandisha juu kwenye kiwanja chako. Ndiyo, kile kile ulichosema asiguse mtu. Uzio wako nilikata mimi mwenyewe, kwa panga la Baba, wala usimtafute mwingine wa kumlaumu. Hapakuwa na ardhi nyingine iliyo juu ya hatari na bado goti la Mama linaifikia. Thomasi na Zablon wakajenga banda kwa nguzo ulizonunua za nyumba yako. Nilijua ni zako. Nilisema moyoni, nitamwandikia. Nimechelewa miezi kumi, lakini ndiyo naandika.

Siku mbili Mama hakunisemesha. Siku ya tatu saa kumi na mbili asubuhi nikamwona anapanda na kibuyu chake, kwa sababu Kidoti hakubali mkono mwingine. Akapanda asubuhi, akapanda jioni. Wiki ya pili akasema maziwa yanamwagika njiani, angepata jiko dogo huko juu angeyachemsha huko huko. Tukamjengea jiko. Mwezi wa tisa akasema mvua za vuli zitamkuta juu, atajikinga wapi? Tukamwekea chumba, bati kumi. Mwezi wa kumi na moja akasema si vizuri chumba kukaa bila kitanda, watu watadhani ni stoo. Hajawahi kusema amehama. Hadi leo hajasema. Kila siku ana sababu, na hakuna sababu hata moja inayoitwa kuhama.

Lakini alikuwa bado anashuka. Vyungu vyake, picha ya Baba, jiwe lake, vyote vilikuwa chini. Mvua ikitishia tu, ndipo hasa anaposhuka, eti akaangalie nyumba. Ukimzuia anauliza kama nyumba ina miguu ya kukimbia yenyewe. Nilikuwa naona kabisa kwamba maji yatakuja siku ambayo yuko chini anakagua jiwe, na jasho langu lote la banda na bati litakuwa bure.

Ikafika Januari. Kamati tumekaa huko juu kwake tukivunja vichwa habari ya kengele. Thomasi alitaka king'ora, lakini king'ora kinataka umeme. Cresensia akasema tupige yowe. Nikamwambia yowe la kwetu likipigwa wanaume wote wanakimbilia linakotokea, tutawamaliza. Mama alikuwa anatumiminia chai. Nikamtania, na wewe mtu wa jiwe, siku ile ulishuka kufanya nini? Akanitazama kama mtoto anayeuliza kwa nini tunakula. “Nilishuka kwa sababu kengele ilikuwa chini. Watu wameitwa, mimi nibaki?”

Kikombe changu kilijaa hadi kikafurika kwenye meza, hakuna aliyekiangalia.

Siku zote tulikuwa tunahangaika kuwafundisha watu kukimbia. Watu hawa hawajui kukimbia, wanajua kufuatana. Ukiwaita watakuja, hata kwenye maji. Basi waite kutoka mahali pazuri.

Jumamosi iliyofuata wanaume wanne waliibeba ile rimu ya Baba hadi kiwanjani kwako, wakaining'iniza kwenye mkuyu. Thomasi alisitasita, kwamba kengele ya kanisa haikai kwenye zizi la ng'ombe. Mama akamkumbusha Krismasi ilianzia wapi, naye akashika kamba. Jumapili ya kwanza watu watatu walipanda na nguo zao za ibada na kumkuta Kidoti. Ikabidi kanisani wapate kipande cha reli, kinalia kikavu, hakifanani. Sasa kila mtu anajua: reli ni misa, rimu ni mlima.

Na nyundo akapewa Mama. Hilo halikuwa wazo langu, alijitwalia. Mapigo kumi, anapumzika, kumi tena hadi watu wafike. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulifanya zoezi, na kwa kuwa watu walikuja kwa kengele ya Mama, Mama aliona ni wageni wake, akawapikia makande sufuria kubwa. Zablon anayecheka hofu alikuwa wa kwanza kufika kila mara, na bakuli lake mkononi. Hofu ya mtu ina njia zake, njaa ina moja tu.

Jambo moja lilitusumbua. Mama anasimama pale penye uwazi wa uzio (ule niliokata) anahesabu watu wanavyoingia, apate kujua mabakuli. Na kila mara anakosea kwa mtu mmoja. Thomasi anahesabu, anasema wote sitini na mmoja tumefika. Mama anasema, bado mmoja. Anapakua bakuli moja zaidi, analifunika kwa sahani, linakaa hadi jioni, anampa mbwa. Februari hivyo, Machi hivyo, Aprili hivyo. Tukasema ni uzee. Hatukumsahihisha.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Jumanne ya tarehe nane mwezi uliopita, saa nane mchana. Nilikuwa kanisani nafagia. Simu ya Parsimei ikaja, na safari hii hakunipa habari ya rangi ya maji, alisema tu, “Dada, ni sasa.” Nikampigia Mama kwenye kitochi chake. Akapokea. Yuko juu au chini? Sikuwa na pumzi ya kuuliza. Nikasema, Mama, piga. Simu ikakatika.

Ule muda kati ya simu kukatika na pigo la kwanza, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Nilisimama na fagio. Kama yuko chini kwenye jiwe, hakuna kengele, na hakuna Mama.

Kisha nikaisikia. Ikalia kutoka juu, kule kwako. Nililia, Vedasto, naandika bila aibu.

Lakini miguu haikwenda. Nilisikia watu wanapanda, nasikia Cresensia anawaita watoto, na mimi nimeshika fremu ya mlango wa kanisa, mkono umeganda kama mwaka jana, jasho lile lile. Nikausikia na ule mlio wa kokoto, mbali bado. Nikajiambia, mapigo yakifika kumi atapumzika, akipumzika ndipo nitakwenda. Nikahesabu. Yakafika kumi. Hakupumzika. Kumi na tano. Ishirini. Haikuwa ile ya zoezi tena, ilikuwa namna alivyokuwa akituita mezani tukiwa wadogo, pa-pa-pa juu ya kifuniko cha sufuria, wala haachi mpaka umetokea. Mkono ukaachia mlango. Nilipanda nikifuata mlio wa kengele tu, sikutazama nyuma hata mara moja, fagio bado mkononi.

Nilipofika kwenye uzio ndipo nikaambiwa. Thomasi alikuwa amehesabu haraka haraka, akasema wote, Mama acha, usijichoshe. Mama akasema, bado wawili. Thomasi akataka kupuuza, tumezoea hesabu zake. Kisha akashtuka. Siku zote husema bado mmoja. Leo wawili? Akahesabu tena, uso kwa uso, akaona mimi simo. Walikuwa wanapanga nani ateremke kunitafuta na Mama hawasikilizi, anapiga tu.

Akaniona. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye fagio, akapiga mapigo mengine mawili, akaweka nyundo chini. “Bado mmoja,” akasema. Cresensia akamwuliza, Mama, kila siku bado mmoja, ni nani huyo? Akamjibu bila hata kugeuka, kama mtu aliyeulizwa jina lake: “Vedasto.”

Maji yalipita dakika chache baadaye. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Baba uliingia korongoni na jiko lote. Nyumba ya Zablon imebaki upande. Kanisa limesimama, ila ngazi zake hazipo. Watu sitini na mmoja walikuwa wanatazama kutoka kiwanjani kwako, na Zablon na kuku wake wawili kwapani. Safari hii hakucheka, alinishika mkono.

Kesho yake nilishuka na Mama. Picha ya Baba tuliipata ukutani mbele, haina hata mkwaruzo. Jiwe la kusagia halipo. Mama alisimama pale lilipokuwa, nikaogopa kwamba sasa ndipo atavunjika. Akasema, “Basi.” Kisha akauliza nani atamsaidia kubeba vyungu.

Jumapili iliyofuata niliipiga reli mwenyewe. Mapigo matatu ya mwanzo yalikosa nguvu, la nne likatoka vizuri.

Tumeanza kupanda majani ya tembo kando ya korongo, na vijana wanachimba makingamaji shambani kwa Thomasi. Zablon ameomba kipande huku juu. Aliyebaki ni Silvanus wa ng'ambo, yeye ana utabiri wa hali ya hewa kwenye simu na anasema simu itamwambia. Hatubishani naye. Wiki iliyopita tumewapandisha mbuzi wake watatu kwenye majani mazuri, kwa wema tu. Ameanza kupanda jioni kuwaangalia.

Basi mdogo wangu, hayo ndiyo niliyokufanyia kwenye kiwanja chako: uzio nimekata, nguzo nimetumia, ng'ombe nimeweka, kengele nimening'iniza, na mama yako nimemlaza. Naomba unisamehe. Sehemu ya upande wa juu, ile yenye mwonekano wa mlima Oldeani, hakuna aliyeigusa. Mama hakubali hata Kidoti akanyage. Anasema hapo panajengwa.

Sasa hivi amesimama nyuma yangu na miwani yangu puani mwake. Anataka niandike kwamba yeye hajahama, amekuja tu kukamua. Nimeandika.

Wape salamu Jackline na watoto wote. Eva anakusalimu, Thomasi na Cresensia pia, na Zablon anasema ukija ulete korosho. Parsimei hamjuani bado, lakini anamsalimu kaka wa dada yake. Mungu aliyeyapitisha maji pembeni yetu mara mbili awafunike ninyi huko mliko, awape afya na njia njema ya kurudi.

Shule zinafungwa mwezi wa sita. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba ni zoezi, na makande yapo. Bakuli lako limefunikwa.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukikata simu,

Leonida Hhando